Ugatuzi wa Uingereza: kama Westminster inaweza kuufuta kwa sheria ya kawaida, una uzito gani?

Mpembuzi

Habarini wakuu. Nina jambo nimekuwa nalifuatilia muda sasa na nataka tulijadili kwa kina, naomba tu tusilete ushabiki wa vyama.

Uingereza haina katiba iliyoandikwa kwenye kitabu kimoja, hilo wengi mnalijua. Kanuni yao mama ni kwamba Bunge la Westminster ndio la mwisho, linatunga na kufuta sheria yoyote, na bunge la leo haliwezi kulifunga mikono bunge la kesho. Sasa ndani ya mfumo huo huo mwaka 1999 yakaanza mabunge ya Scotland na Wales, na Ireland ya Kaskazini nayo ikapata lake kutokana na Makubaliano ya Ijumaa Kuu ya 1998 yaliyolenga kumaliza vurugu kule, yakapewa afya, elimu, mazingira, kilimo na mengine mengi. Na haikuwa zawadi ya wanasiasa tu, wananchi walipiga kura. Scotland Septemba 1997 asilimia 74.3 walisema ndio, wiki moja baadae Wales nayo ikapita kwenye tundu la sindano, asilimia 50.3, tofauti ya kura 6,721 tu kwa Wales nzima.

Kinachonisumbua ni kwamba mabunge yote haya yamezaliwa na sheria za kawaida za Westminster. Sheria ya Scotland ya 1998 kifungu cha 28(7) kinasema waziwazi kwamba Westminster bado ina uwezo wa kutunga sheria kwa ajili ya Scotland. Mwaka 2016 wakaongeza kipengele kwamba bunge la Scotland ni la kudumu na halitafutwa mpaka wananchi wa Scotland wenyewe waamue kwa kura ya maoni, sawa, lakini na hicho kipengele kipo kwenye sheria ya kawaida ambayo kesho inaweza kubadilishwa na wabunge wengi wao wakiwa wa England.

Kwahiyo nauliza, huu ni ugatuzi kweli au ni madaraka ya kuazima? Na kama kuna tatizo dawa yake ni nini, katiba iliyoandikwa, shirikisho, au waache ilivyo? Mimi naegemea waandike, ila nataka hoja za upande wa pili pia.

wakili_mtazamaji

Mkuu kisheria jibu ni fupi, ndio Westminster inaweza, na ilishawahi kufanya. Watu wanaanza hii historia 1999 lakini Ireland ya Kaskazini ilikuwa na bunge lake tangu 1921, lilidumu miaka hamsini, halafu Machi 1972 vurugu zilipozidi London ikalisimamisha na mwaka uliofuata likafutwa kabisa, kwa sheria ya kawaida tu kama unayoisema. Sisemi walikosea kuingilia, hali ilikuwa mbaya sana na lile bunge lilikuwa la upande mmoja, wa Waprotestanti wanaotaka kubaki Uingereza, kwa muda wote ule, nasema tu kwamba hakuna kizingiti chochote cha kisheria kilichowazuia.

Sasa ulinzi uliopo leo. Upo uliokuwa unategemewa zaidi ya wote, desturi ya Sewel, imepewa jina la Lord Sewel aliyeitamka 1998 wakati muswada wa Scotland unajadiliwa: kwa kawaida Westminster haitatunga sheria kwenye mambo yaliyogatuliwa bila ridhaa ya bunge husika. Ilifanya kazi vizuri karibu miaka ishirini mpaka watu wakaizoea kama ndio sheria yenyewe, na 2016 wakaiingiza kwenye sheria kweli. Halafu ikaja Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya. Januari 2017 kwenye kesi ya Miller, iliyohusu kama serikali inaweza kuanza kujitoa bila bunge, Mahakama ya Juu ilikaa na majaji 11, na kwenye hili suala la ugatuzi wote walikuwa kauli moja, kwamba desturi hii ni ya kisiasa na si kazi ya mahakama kuisimamia, hata kama imeandikwa kwenye sheria. Yaani ukiingia mahakamani na hicho kifungu mkononi unarudi mikono mitupu.

Kilichofuata ndio kinanifanya nisikubaliane na wanaosema desturi zinatosha. 2018 Scotland ilikataa ridhaa kwa sheria ya kujitoa Umoja wa Ulaya, Westminster ikapitisha. Januari 2020 mabunge yote matatu yalikataa sheria ya makubaliano ya kujitoa, ikapita. Mwaka 2020 Scotland na Wales zikakataa sheria ya soko la ndani, nayo ikapita Desemba. Na hiyo ya soko la ndani ina madhara ya kila siku sio ya kwenye makaratasi, maana inasema bidhaa ikiruhusiwa kuuzwa sehemu moja ya nchi iruhusiwe na kwingine, kwahiyo unaweza kutunga sheria kwenye eneo lako ulilogatuliwa na isiwe na meno kwa bidhaa zinazotoka jirani. Scotland waliiona 2023 kwenye mpango wao wa kurudisha chupa na makopo kwa amana, London ikasema chupa za glasi zitoke kwenye mpango ndio iwape ruhusa, na mradi mzima ukaahirishwa.

Kuhusu kile kipengele cha "kudumu" angalia walichofanya na sheria ya muda maalum wa bunge ya 2011. Ile ilisema uchaguzi wa mapema unahitaji theluthi mbili ya wabunge wote. Oktoba 2019 serikali ya Boris Johnson ikakosa hizo theluthi mbili, ikaleta muswada mfupi wa kupitishwa kwa wingi wa kawaida, ukapita, wakaenda kwenye uchaguzi Desemba. 2022 ile ya 2011 ikafutwa kabisa. Kizuizi cha kisheria ambacho mwenyewe anaweza kukiruka kwa sheria nyingine, mimi sikiiti ulinzi.

BintiPwani

Naheshimu alichoandika wakili lakini nadhani anaangalia karatasi tu na kusahau watu.

Kwenye uchaguzi wa Mei 1997 chama cha Conservative walipinga ugatuzi waziwazi. Walipoteza viti vyote vya Scotland na vyote vya Wales, hawakubakiwa na hata kimoja. Miaka michache baadae chama hicho hicho kikaukubali, na ni serikali yake ndio iliyoleta ile sheria ya 2016 ya kuongeza madaraka ya Scotland na kusema bunge lile ni la kudumu. Hakuna jaji aliyewalazimisha, walilazimishwa na wapiga kura. Hiyo ndio ngome yenyewe na ni imara kuliko mnavyoipa sifa. Niambieni ni waziri mkuu gani leo atasimama akasema nafuta bunge la Scotland kule Edinburgh, akabaki na chama chake kizima.

Tena msisahau 1979. Scotland walipiga kura ya ndio kwa asilimia 51.6 lakini kulikuwa na sharti limeandikwa kwenye sheria kwamba ndio lazima zifike asilimia 40 ya wote walioandikishwa, hazikufika, ugatuzi ukafa miaka ishirini. Maandishi magumu yanaweza kumzuia mwananchi pia, sio mtawala peke yake.

Na katiba iliyoandikwa sio kinga mnayoidhani. Hispania wana katiba ya 1978, ni nchi ya kibunge kama Uingereza, mikoa yao yenye madaraka imetajwa humo ndani, na Oktoba 2017 serikali kuu ilitumia ibara ya 155 ikaiondoa serikali ya Catalonia na kulivunja bunge lake. Linganisheni na Scotland. Walitaka kura ya uhuru, London ikakaa nao wakasaini makubaliano Edinburgh 2012, kura ikapigwa 2014, vijana wa miaka 16 nao wakapiga, waliojitokeza asilimia 84.6, hapana ikashinda kwa 55.3 na watu wakarudi kazini. Huo mfumo usioandikwa ndio uliowezesha hilo.

Halafu mnazungumzia tu ugomvi wa ridhaa, mbona hamsemi matunda? Marufuku ya kuvuta sigara kwenye majengo ya umma Scotland walianza Machi 2006, Wales na Ireland ya Kaskazini wakafuata Aprili 2007, England Julai 2007. Kutoza mifuko ya plastiki Wales walitangulia 2011. Wales tena Desemba 2015 wakabadilisha utaratibu wa kuchangia viungo, kwamba mtu anahesabiwa amekubali mpaka aseme hapana, England wakaiga 2020 na Scotland 2021. Kuna watu wako hai leo kwa sababu bunge dogo la Cardiff lilithubutu kwanza. Kwangu mimi hilo ndilo la msingi, sio nani anaweza kumfuta nani kwenye nadharia.

wakili_mtazamaji

Dada BintiPwani hoja ya Catalonia ni nzito ila ina upande wa pili. Kule ibara ipo, ina utaratibu, serikali ilibidi ipeleke Seneti na ipate wingi wa wajumbe wote, na kilichochukuliwa kikarudishwa baada ya uchaguzi mpya. Kila mtu alijua mstari uko wapi. Uingereza mstari unachorwa na mwenye wingi bungeni siku hiyo.

Na hiyo 2014 unayoisifia, ilitegemea utashi wa waziri mkuu mmoja. Waziri mkuu mwingine akisema hapana, basi. Novemba 2022 Mahakama ya Juu ilisema bunge la Scotland halina uwezo wa kuitisha kura ya uhuru bila Westminster kuridhia, hata kama ni ya ushauri tu. Sipingi hukumu, kisheria ilikuwa sahihi. Lakini muungano ambao wote wanasema ni wa hiari halafu, ukiacha Ireland ya Kaskazini, hakuna mahali popote palipoandikwa namna mshirika anavyoweza kuuliza swali la kujitoa, hilo ni pengo, na haijalishi wewe unataka uhuru au hutaki.

Nyanda_za_Juu

Wakuu mnazunguka mbuyu. Tatizo la huu ugatuzi ni England, na mpaka muiguse hiyo hamtatatua kitu.

England ina kama asilimia 84 ya watu wote wa Uingereza na ndio sehemu pekee isiyo na bunge lake. Tam Dalyell mbunge wa West Lothian aliuliza tangu 1977, itakuwaje mbunge wa Scotland apige kura kuhusu shule na hospitali za England wakati mbunge wa England hana kura kuhusu za Scotland? Hakuna aliyemjibu mpaka leo. Na sio swali la darasani. Januari 2004 muswada wa kuongeza ada za vyuo vikuu England ulipita hatua ya pili kwa kura 316 dhidi ya 311, na wabunge wa chama tawala cha Labour wa kutoka Scotland walikuwemo kwenye hizo 316, huku ada hizo haziwahusu wapiga kura wao. Tofauti kura tano! Mwanafunzi wa Leeds anamwajibisha nani hapo?

Wakajaribu dawa 2015, wakaweka kanuni bungeni kwamba mambo ya England pekee yapate kwanza ridhaa ya wabunge wa England. Watu wengi hata hawakuielewa, ikasimamishwa kipindi cha korona na 2021 ikafutwa kimya kimya.

Mnaosema shirikisho, hebu kaeni chini mlichore. Ukiweka England kama jimbo moja, unakuwa na shirikisho ambalo jimbo moja lina watu zaidi ya mara tano ya wengine wote wakijumlishwa. Waziri mkuu wa England atakuwa na nguvu kuliko wa shirikisho lenyewe. Ukisema uigawe England mikoa, wananchi wake hawataki, Novemba 2004 kaskazini mashariki waliulizwa kama wanataka baraza la mkoa, asilimia 77.9 wakakataa, na ule ndio mkoa uliodhaniwa una hamu kuliko yote.

Kilichobaki ni mameya wa majiji makubwa. London tangu 2000, Greater Manchester tangu 2017, na wanaendelea kuongezeka. Kwa mtazamo wangu huko ndiko ugatuzi wa England utakua, pole pole na kwa viraka, ila tuseme ukweli meya hatungi sheria, anapewa mfuko na masharti yake, na kila jiji limepatana kivyake na serikali kuu kwahiyo jirani wawili wana madaraka tofauti kabisa na mwananchi hajui alalamike wapi basi likichelewa.

Mpembuzi

Asanteni sana, mmenifungua. Nyanda hoja yako ya asilimia 84 imenifanya niliache wazo la shirikisho la moja kwa moja, sioni linavyosimama. Lakini hujaniondoa kwenye suala la ulinzi, maana unaweza kuwa huna shirikisho na bado ukawa na kanuni za ridhaa zenye meno.

Hela je? Naona hakuna aliyezigusa, na bunge lisilo na hela zake lina uhuru gani?

hesabu_kwanza

Nilikuwa nasubiri mtu aulize. Pesa ndio kipimo halisi cha ugatuzi, mengine yanafuata.

Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zinategemea kwa sehemu kubwa ruzuku ya London, na nyongeza yake inapatikana kwa fomula ya Barnett, kutokana na Joel Barnett aliyekuwa hazina mwishoni mwa miaka ya 1970. Ilikusudiwa iwe ya muda. Inavyofanya kazi kwa kifupi, matumizi ya England yakipanda kwenye eneo ambalo limegatuliwa, mfano afya, basi kila mmoja anapata nyongeza kulingana na idadi ya watu wake ukilinganisha na England. Kwa msingi wake haiangalii umaskini, haiangalii wazee wangapi au wagonjwa wangapi, ingawa miaka ya karibuni Wales na Ireland ya Kaskazini zimeongezewa kipimo cha mahitaji. Na kwa msingi wake haipo kwenye sheria yoyote! Ni utaratibu wa hazina, hazina ndio inakokotoa, na hazina ndio inaamua mradi gani unahesabiwa.

Mfano unaowauma sana Wales ni reli ya kasi ya HS2. Reli yote iko England, hakuna hata mita moja ya njia ndani ya Wales. Lakini kwa sababu miundombinu ya reli haijagatuliwa kwa Wales, hazina iliuweka kama mradi wa "England na Wales", kwahiyo Wales haikupata mgao wake, wakati Scotland na Ireland ya Kaskazini zilipata. Vyama vya Cardiff vinavyogombana kila kitu vimelalamika pamoja kwenye hili na haikusaidia, maana hakuna mahali pa kukata rufaa zaidi ya hazina ile ile.

Halafu kuna siku fomula inawekwa pembeni kabisa. Juni 2017 waziri mkuu Theresa May alipokosa wingi bungeni akapatana na DUP, chama cha Ireland ya Kaskazini, na Ireland ya Kaskazini ikapata pauni bilioni 1 za ziada nje ya Barnett. Sina tatizo na Ireland ya Kaskazini kupata hela, mahitaji wanayo, tatizo ni kwamba zilitoka kwa sababu wabunge kumi walihitajika wiki ile.

Scotland sasa wanapanga viwango vya kodi ya mapato wenyewe tangu 2017, na wana madaraja zaidi ya England. Wales nao wana sehemu yao tangu 2019. Hiyo ni hatua nzuri, maana mwanasiasa anayetoza ndio anawajibika anavyotumia. Ila kodi ya ongezeko la thamani (VAT), kodi ya makampuni na kodi nyingine kubwa zimebaki kwa London.

Mimi ningeanza hapo kabla ya katiba mpya: fomula iwe kwenye sheria, iangalie mahitaji, na mgogoro uamuliwe na chombo huru kisichokuwa hazina. Hayo hayahitaji mtu kuandika upya misingi ya dola.

BintiPwani

Hesabu hapo nakuunga mkono kabisa. Hilo la HS2 haliteteeki kwa namna yoyote, anayeamua kesi ndio mdaiwa.

Lakini wakili na Mpembuzi, hizo kanuni za ridhaa zenye meno nani atazisimamia? Mkisema majaji, mnawatupa kwenye siasa kila wiki. Kila muswada utaishia mahakamani, hivi unagusa jambo lililogatuliwa au hapana.

wakili_mtazamaji

Si lazima majaji. Njia ambayo mimi naiona inawezekana ni kupitia baraza la juu. Lile la malodi lenyewe kila mtu anakubali halijakaa sawa, 1999 waliondoa wengi wa waliorithi viti wakaacha 92 kama mpango wa muda, na ule muda ukaenda zaidi ya robo karne. Desemba 2022 tume ya Labour iliyoongozwa na waziri mkuu wa zamani Gordon Brown ilipendekeza liondolewe, liwekwe baraza la kuchaguliwa la mataifa na mikoa, na liwe na kazi maalum ya kulinda misingi michache ya kikatiba, ikiwemo ugatuzi. Kwa sheria za bunge za 1911 na 1949 malodi wanaweza tu kuchelewesha, hawawezi kuzuia muswada wa bunge la chini ukirudishwa tena. Ukisema kwenye mambo haya machache tu, kama kubadili madaraka ya Scotland au Wales bila ridhaa, baraza hilo jipya liwe na uwezo wa kukataa moja kwa moja, unapata ulinzi wa wanasiasa kwa wanasiasa, wenye wapiga kura wao nyuma, na majaji wanabaki nje. Na inajibu hata ya Nyanda, maana mikoa ya England nayo itakuwa na viti mle.

Ilichoanzisha serikali ya Labour mpaka sasa ni baraza la mashauriano, waziri mkuu anakutana na viongozi wa Scotland, Wales, Ireland ya Kaskazini na mameya wa England, kikao cha kwanza Oktoba 2024 Edinburgh. Kukutana ni bora kuliko kutokutana ila halina mamlaka ya kisheria hata kidogo.

Nyanda_za_Juu

Wakili, viti mle vitagawanywaje? Ukigawa kwa idadi ya watu England inachukua 84 kwa mia na hakuna kilichobadilika. Ukigawa sawa kwa sawa mtu wa Wales anakuwa na uzito mara kumi na kitu ya mtu wa England, na England hawatakubali. Na bunge la chini lenyewe, Labour 2024 walipata viti karibu theluthi mbili kwa asilimia 33.7 ya kura, nani mwenye wingi kama huo atajitengenezea mpinzani wa kumzuia kwa hiari yake?

wakili_mtazamaji

Kwenye mgao ningependekeza kura mbili: jambo linalohusu madaraka ya taifa moja lisipite mpaka wajumbe wa taifa hilo wenyewe waridhie, mbali na kura ya baraza zima. Kwa hiyo Wales haihitaji viti vingi, inahitaji vyake viwe na sauti kwenye yanayoihusu tu. Swali lako la pili sina jibu la kisheria, nani atajitungia kizuizi. Ugatuzi wenyewe ulipita 1998 kwa serikali yenye wingi mkubwa sana ambayo haikulazimika, ilikuwa na ahadi kwenye ilani na watu wa Scotland waliokuwa wameudai miaka mingi. Hili nalo litahitaji madai ya namna hiyo, na safari hii wa England nao lazima wawemo.